Mtumiaji Namba Tisa

Mkurugenzi wa kiwanda cha sabuni alijaliwa macho mazuri kabisa, lakini katika kila karatasi aliyatumia kusoma kitu kimoja tu: mstari wa mwisho, ule wa jumla. Mistari mingine yote aliichukulia kama wanafunzi kwenye paredi. Imejipanga, inapendeza, na hakuna haja ya kumuuliza kila mmoja jina lake.

Kwa hiyo Mama Muhuri alipomwekea mezani jedwali la kurasa tatu, kazi ya wiki mbili, likilinganisha mifumo mitatu ya kielektroniki ya kutunza nyaraka za kazi, Mkurugenzi alilifunua moja kwa moja hadi ukurasa wa tatu, akateremsha kidole mpaka chini na kukigongesha hapo mara mbili.

“Huu wa tatu,” alisema. “Laki moja na nusu kwa mwezi. Tumemaliza.”

Mama Muhuri ndiye aliyekuwa mtunza nyaraka. Jina hilo alilipata kwa muhuri wake mwekundu ulioandikwa NAKALA HALALI, na kwa tabia moja iliyojulikana kiwanda kizima. Mwongozo wowote wa kazi ukibadilika, hata kwa neno moja, aliuchapisha upya, akaupiga muhuri, akaupeleka kwa mhusika kwa miguu yake mwenyewe. Toleo jipya hakulitoa mpaka arudishiwe la zamani mkononi, na mtu atie saini kwenye daftari, na saa. Mwaka mmoja Mkurugenzi mwenyewe alipoteza karatasi ya milango ya dharura. Mama Muhuri alisimama ofisini kwake, kimya, mpaka mheshimiwa huyo akapiga magoti na kuivuta kutoka uvunguni mwa kochi. Jambo hilo halikuwahi kuzungumzwa tena, wala kusamehewa.

Sasa wakaguzi wa cheti cha ubora walikuwa wametoa amri: nyaraka ziwe kwenye kompyuta kabla ya mwaka kuisha, la sivyo cheti kingeondoka, na cheti kikiondoka wanunuzi wakubwa nao wangeondoka. Mama Muhuri alipendekeza mfumo wa pili. Wa kwanza ulikuwa mzuri kiasi cha kutia aibu, na bei yake ilitosha kufungua kiwanda kingine. Wa pili uligharimu laki tatu na nusu, ulibeba watu ishirini, na ulimdai kila mtu namba yake ya siri kabla ya kukiri kwamba amesoma. Wa tatu ulibeba watu kumi. Pembeni mwake, kwa kalamu nyekundu, alikuwa ameandika: “Sisi tuko kumi na mmoja.”

Kijana wa mauzo, aliyekuwa amekaa pembeni akiwa amevaa viatu vilivyochongoka kama penseli, alieleza kwa huzuni ya kitaalamu kwamba mtu wa kumi na moja angewapandisha kwenye kifurushi cha laki tatu. Wafanyakazi walikuwa wameshambatiza jina la Bonyeza Tu, maana kila swali alilijibu hivyo. Mkurugenzi akamtazama kama mtu aliyeambiwa anunue gari la pili kwa sababu abiria mmoja amekosa kiti. Kisha akamgeukia Mama Muhuri, na uso wake ukang'aa.

“Wewe na mumeo si mnakaa nyumba moja?”

“Ndiyo.”

“Sufuria moja?”

“Ndiyo, Mkurugenzi.”

“Basi na namba moja itawatosha.”

Bonyeza Tu alicheka kabla ya wengine, kama inavyompasa muuzaji. Akasema hilo linawezekana kabisa: watu wawili, namba moja, kila mmoja na simu yake, waraka ukija, mama anabonyeza tu, baba anabonyeza tu.

“Kusoma si kula, Mkurugenzi,” alisema Mama Muhuri. “Mimi nikisoma, yeye hashibi.”

Mkurugenzi alivuta kutoka chini ya trei karatasi ambayo ilikuwa imelala hapo siku tisa. Ilikuwa ni maombi ya mwasha boila, mume wa Mama Muhuri, ya likizo ya siku nne ili ampeleke mama yake kufanyiwa upasuaji wa jicho. Akaiweka mbele yake, akaizungushia kalamu hewani, polepole.

“Hii nilikuwa bado naitafakari,” alisema.

Mama Muhuri alimkumbuka mama mkwe wake, ambaye jana yake tu alimimina chai pembeni mwa kikombe, akaweka sukari juu ya meza, akakoroga. Akasema sawa. Lakini mikono ilikuwa na mazoea yake ya miaka kumi na miwili. Ilitoa fomu kwenye faili, ikaandika mistari miwili: kwa agizo la Mkurugenzi, mtumiaji namba tisa atakuwa watu wawili, mtunza nyaraka na mwasha boila. Ikaichomeka chini ya maombi ya likizo. Mkurugenzi alisaini zote mbili kwa pumzi moja. Alisoma mstari wa mwisho wa kila moja, ambao kwa bahati ulikuwa jina lake.

*

Mazishi ya karatasi yalifanyika siku ya Ijumaa, saa nne asubuhi, mbele ya boila. Mkurugenzi alitoa hotuba. Alisema zama za makaratasi zimepita, kwamba waliokuwa wakifukuzana na karatasi sasa watapumzika, na kwamba kuanzia siku hiyo kila mtu atabeba mwongozo wake mfukoni. Kisha wafanyakazi wakapita mmoja mmoja, kwa kufuata vyeo, wakatumbukiza miongozo yao motoni. Mpishi wa sabuni alivua kofia. Mtu mmoja nyuma alijikohoza kwa namna ya mfiwa, na watu wakaangalia viatu vyao wasicheke.

Aliyefungua mlango wa moto alikuwa mwasha boila. Kiwandani aliitwa Shemeji, na kila mtu, hata mlinzi, kwa sababu alikuwa ameoa mwanamke aliyeogopwa kuliko wote na wengi waliona ni busara kujitafutia undugu. Alikuwa mtu mpole, mnene wa shingo, mwenye vidole vilivyokomazwa na joto mpaka kioo cha simu hakikuvitambua. Aliweza kubonyeza kitu kimoja mara sita na simu ikamwangalia tu, kana kwamba haijatambulishwa.

Kwa sababu hiyo Shemeji hakutumbukiza karatasi yake. Mwongozo wa Kuwasha Boila, toleo la tatu, ulikuwa umefungwa kwenye plastiki na kutundikwa kwenye msumari, nyuma ya saa kubwa inayoonyesha nguvu ya mvuke. Katikati yake palikuwa na sentensi yenye herufi nene: mshale usivuke namba nane. Kwa miaka mitano mshale haukuwahi kuvuka namba nane.

Mama Muhuri aliiona ncha ya plastiki ikichungulia. Ingekuwa ya mtu mwingine yeyote, angenyoosha mkono na kuichukua. Lakini miezi minane kabla alikuwa amemwandikia huyo huyo mumewe onyo kwa kutumia karatasi isiyo na muhuri, na Shemeji alitia saini ya kukiri kosa mbele ya vijana wa zamu, huku mmoja akimuuliza kama leo nyumbani atapewa chakula. Kwa siku kumi nyumba yao ilikuwa kimya kama bweni siku ya mtihani. Ni Bibi, mama yake Shemeji, aliyemaliza ugomvi kwa kutunga sheria moja: kazi inaachwa getini, na atakayeiingiza ndani hali.

Kwa hiyo Mama Muhuri aliiona ile plastiki, kisha akageuza uso. Boila ikazimeza nyaraka za miaka kumi na miwili, ikanguruma kidogo, ikatulia, kama kitu kilichoonja tu.

*

Likizo ya Shemeji ilianza Jumatatu, na boila ikazimwa siku hizo hizo ili ikaguliwe. Jumanne mtaalamu wa boila alizunguka nyuma yake na tochi, akagongagonga, akaacha kugonga, akaita ngazi. Kulikuwa na ufa. Haukuwa mrefu; ulilingana na kidole gumba. Wakauchomelea. Mtaalamu akaandika barua ya mistari minne kwamba mpaka bamba jipya lifike, mshale usivuke namba tano, na akasisitiza neno usivuke kwa kulipigia mstari mpaka karatasi ikatoboka. Valvu ya usalama ingebadilishwa pia ili ifuate namba hiyo mpya. Nayo ilikuwa imeagizwa.

Mama Muhuri aliandika toleo la nne mchana huo huo. Aliliingiza kwenye mfumo, akalituma, na orodha ya watumiaji kumi ikatokea ikiwa na rangi nyekundu. Ili aone kama kitufe kinafanya kazi, akabonyeza NIMESOMA. Ilikuwa saa nane na dakika kumi na mbili. Mstari wa tisa ukageuka kijani. Ilikuwa kijani ya kupendeza sana, na akajikuta anaitazama.

Wakati huo huo, katika hospitali ya macho upande wa pili wa mji, simu ilitetemeka mara moja kwenye mfuko wa Shemeji. Hakuigusa. Alikuwa ameushika mkono wa Bibi, ambaye alikuwa anatolewa chumba cha upasuaji huku akilalamika kwamba daktari ni mtoto mdogo na amemshika kichwa kama tikiti maji. Baada ya robo saa Shemeji alipoitoa simu, hapakuwa na kitu. Waraka ulikuwa umeshasomwa na mtumiaji namba tisa, na mfumo, kwa usafi wake, ulikuwa umeondoa taarifa.

Alhamisi jioni Bibi alifunguliwa bandeji. Alikaa mezani na jicho lake moja jipya akaikagua familia kama mwalimu wa zamu. Alimwambia mwanawe kwamba amenenepa bila kumtaarifu. Alimwambia mkwewe kwamba mvi zinampendeza, ila angemwambia mapema asingeshtuka hivi. Akasema ni heri mapacha wako shule ya bweni, maana hajui na wao wamegeuka nini. Walicheka sana. Katikati ya kicheko hicho Mama Muhuri aliweka kijiko chini.

“Baba Mapacha, ule mwongozo wako wa boila...”

Bibi aligonga meza kwa kikombe. “Getini.”

“Ni neno moja tu, mama.”

“Neno moja nalo lina miguu. Litoke.”

“Umesikia, Mheshimiwa Muhuri,” alisema Shemeji, akijaribu kutocheka. “Sheria haina mkubwa.”

Mama Muhuri alikumbuka ule mstari wa kijani. Akajiambia kwamba simu imeshamwambia, na kama haijamwambia, watamwambia wenzake kabla hajawasha moto. Akachukua kijiko chake.

*

Wenzake wote walijua. Mchomeleaji alijua kwa kuwa ufa aliuziba yeye. Mpishi wa sabuni alijua. Alibonyeza akiwa kwenye kiti cha kinyozi. Lakini tangu mfumo uingie hakuna aliyekuwa akimwambia mwenzake kitu, kwa sababu kila mtu alikuwa ameshasoma. Ijumaa asubuhi mchomeleaji alikutana na Shemeji mlangoni mwa chumba cha boila, akamuuliza hali ya jicho la Bibi, akapewa habari nzima, akacheka pale kwenye tikiti maji, akaenda zake. Shemeji akaingia. Akavaa glavu. Akasoma karatasi yake kutoka juu hadi chini, kama alivyofanya kila siku kwa miaka mitano, ingawa aliijua kwa moyo. Kisha akawasha moto.

Ofisi ya Mama Muhuri ilipakana ukuta na chumba hicho. Mezani kwake hukaa glasi ya maji, na kila siku inapokaribia saa nne, boila inapokuwa imefika namba nane, maji hutetemeka na kuchora duara ndogo ndogo. Alikuwa ameyazoea kiasi kwamba aliyatumia kama kengele ya chai.

Asubuhi hiyo alikuwa akimwandalia Mkurugenzi ripoti ya kwanza ya mfumo. Mwongozo wa Kuwasha Boila, toleo la nne. Wametumiwa: kumi. Wamesoma: kumi. Asilimia mia moja. Bonyeza Tu alikuwa amepiga simu kumpongeza na kuomba ruhusa ya kuitumia ripoti hiyo katika matangazo. Mama Muhuri aliandika herufi za kwanza za jina lake chini, akanyoosha mkono kuchukua glasi, na mkono ukasimama njiani.

Maji yalikuwa yanachora duara.

Kwa namba tano maji yalipaswa kulala. Aliyatazama kwa muda wa pumzi mbili. Kisha akaitazama ile kumi kwenye ripoti, akawahesabu watu kwa vidole, kuanzia mlangoni hadi kwenye boila, na vidole vikamwishia kabla ya watu.

Hakuna aliyewahi kumwona Mama Muhuri akikimbia. Mlinzi alisema baadaye kwamba alidhani kuna nyoka. Alivuka nusu ya uwanja, kiatu kimoja kikabaki nyuma, akafika kwenye bomba la maji akiwa ameinua mkono kama mtu anayesimamisha gari, na hapo ukuta ukapumua. Haikuwa kishindo hasa. Ilikuwa sauti ndefu ya kuchanika, kisha weupe mtupu ukatoka mlangoni na madirishani, ukapanda juu ya paa, na ndani yake mtu alikuwa anaita jina la mwanamke ambalo kiwandani hakuna aliyelijua, kwa kuwa wote walimwita Mama Muhuri.

Walipoweza kuingia walimkuta kwenye kona, akiwa hai, ameungua upande wote wa kulia kuanzia begani. Plastiki ilikuwa bado kwenye msumari wake. Ilikuwa na matone ya mvuke tu. Mshale usivuke namba nane. Na mshale haukuwa umevuka.

*

Jumapili Mkurugenzi alikuja wodini na mfuko wa matunda na karatasi moja. Zama za makaratasi zilikuwa zimepita, lakini hiyo aliichapisha.

Alisimama upande ambao Shemeji hakuungua, akamwambia pole kwa sauti ya kusomea tangazo la msiba, kisha akamwita Mama Muhuri pembeni, kwenye korido, karibu na ndoo za kudekia. Bibi akawafuata bila kuitwa. Mkurugenzi akawaonyesha: mtumiaji namba tisa alisoma toleo la nne siku ya Jumanne, saa nane na dakika kumi na mbili mchana. Kwa hiyo mwasha boila alijua na akapuuza. Alieleza, kwa upole mkubwa, kwamba mtu aliyejua na akapuuza hatibiwi kwa pesa ya kampuni wala ya bima, na kwamba kwa sheria angeweza hata kushitakiwa, lakini yeye binafsi hapendi mambo hayo. Mpelelezi wa bima atakuja Alhamisi. Atauliza kama rekodi ni sahihi. Mtunza nyaraka atasema ni sahihi, kwa sababu kweli ni sahihi, na ataendelea na kazi yake.

“Nilibonyeza mimi,” alisema Mama Muhuri.

“Basi uliyemuunguza ni wewe,” alisema Mkurugenzi, bila kupandisha sauti. “Fikiria ni lipi kati ya hayo mawili unataka liandikwe.”

Akaondoka. Matunda aliyaacha, risiti ilikuwa bado mfukoni humo.

Waliporudi kitandani Shemeji alikuwa amesikia yote, kwa kuwa korido za hospitali hazina siri. Aliongea polepole, midomo ikimuuma. Alimwambia mkewe akubali. Yeye ataitwa mzembe, na jina la mzembe halihitaji bandeji. Mapacha wana muhula mwingine mbele.

“Nyamaza tu, Mama Mapacha. Mshahara mmoja umeshaungua. Usiutie na wa pili motoni.”

Aliyejibu ni Bibi, kutoka kwenye kiti chake, huku akimtazama mkwewe kwa jicho lake moja.

“Saa nane ya siku ile alikuwa amenishika mkono. Nilikuwa sioni mbele wala nyuma, lakini mkono wa mwanangu naujua. Haukushika simu.”

“Mama, wao hawamwamini mtu. Wanaamini kilichoandikwa.”

“Si ndiyo kazi yako, kuandika?” Bibi alisema. “Au nayo uliiacha getini?”

*

Alhamisi walikaa wanne kwenye chumba cha mikutano, ambacho bado kilinuka majivu yaliyoloweshwa na mvuke. Mpelelezi wa bima alikuwa mwanamke mfupi mwenye miwani ya kuning'inia shingoni. Bonyeza Tu alikuwa amefungua kompyuta yake na kuielekeza upande wa mgeni, na ule mstari wa tisa ulikuwa unang'aa kijani kibichi. Alieleza kwamba mfumo wao hauwezi kudanganywa. Mkurugenzi akatikisa kichwa kwa majonzi.

“Huyu mtumiaji namba tisa ni nani?” mpelelezi aliuliza.

“Mwasha boila,” alisema Mkurugenzi.

Mpelelezi akamgeukia mtunza nyaraka na kumuuliza kama ni kweli.

“Nusu,” alisema Mama Muhuri.

Alifungua mkoba wake akatoa daftari kubwa lililochakaa. Kwenye jalada lake kulikuwa na alama za duara, kwa sababu tangu lilipofukuzwa kiwandani Bibi alilifanya trei ya chupa zake za dawa ya macho. Lilikuwa daftari la nipe nikupe, lile la saini. Katikati ya kurasa zake za mwisho palikuwa na fomu moja iliyokunjwa mara mbili. Aliikunjua mezani, akaishikilia kwa viganja viwili.

Mkurugenzi aliisoma. Labda ilikuwa mara yake ya kwanza kusoma kitu kuanzia mstari wa kwanza. Alipofika wa mwisho alikutana na jina lake.

“Nyaraka zote za karatasi zilifutwa,” alisema. “Hii si halali.”

Mama Muhuri akatoa muhuri kwenye mkoba, akaupulizia pumzi ya joto, akaugonga kwenye kona ya fomu. Ulikuwa umekauka kiasi. Maneno yalitoka na rangi ya matofali, lakini yalisomeka. Mpelelezi akanyoosha mkono kuichukua. Mama Muhuri hakuiachia.

“Kwanza utie saini,” alisema. “Hapa. Na jina, na saa.”

Mpelelezi alimtazama mwanamke huyo kwa muda, akavaa miwani yake, akavuta daftari, akaandika jina lake na saini. Akaangalia saa ya mkononi, akaandika na saa. Ndipo viganja viwili vikaachia.

“Kuna jingine,” alisema Mama Muhuri. Sauti yake sasa ilikuwa imeshuka, na alikuwa anautazama muhuri wake badala ya watu. “Ile karatasi ya zamani niliiona ukutani siku ya kuchoma nyaraka. Angekuwa mwingine ningeichukua. Nikaiacha kwa sababu ni mume wangu na nilitaka tule chakula kwa amani. Andika na hilo.”

Mpelelezi akaandika na hilo. Kalamu ilichukua muda mrefu.

*

Ijumaa asubuhi muuguzi alikuwa amemaliza kubadilisha bandeji. Shemeji alikuwa amechoka kwa kutolia. Bibi alikuwa anammenyea tunda la Mkurugenzi, akisema tunda halina kosa. Mama Muhuri aliketi ukingoni mwa kitanda akiwa amevaa nguo za kazini, maana hakuna aliyemwambia asiende.

Simu mbili zikatetemeka kwa pamoja, moja mkobani, nyingine kwenye kabati la kando ya kitanda.

Aliitoa yake. Una waraka mpya. Chini ya maneno hayo ulionekana mwanzo wa barua: Ndugu Mtumiaji Namba Tisa, kuanzia leo kampuni haitahitaji tena huduma zako. Mengine yalikuwa yamefichwa nyuma ya kitufe. Aliisoma tena pale juu. Haikusema mtunza nyaraka wala mwasha boila. Ilikuwa barua moja, kwa namba moja, imewafukuza wote wawili, na Mkurugenzi alikuwa ameokoa gharama ya barua ya pili.

“Inasemaje?” Bibi aliuliza.

“Tumeletewa waraka, mama.”

“Umeusoma?” Shemeji aliuliza.

“Nikiusoma mimi, umeusoma na wewe.”

Nje, mtu alikuwa anaburuta kitanda chenye gurudumu bovu, kikipiga kelele ile ile kila kilipozunguka. Kisha Shemeji akautoa mkono wa kushoto chini ya shuka, ule mzima, wenye vidole vilivyokomaa.

“Lete basi,” alisema. “Safari hii tusome wote.”

Mama Muhuri alimshikia simu juu ya kifua, karibu na macho yake. Walisoma kuanzia mstari wa kwanza. Yeye alimaliza mapema, akamngoja. Shemeji alipofika mwisho alipandisha kidole akabonyeza, na kioo kikamwangalia tu. Akabonyeza tena. Mara ya tatu mkewe akaweka kidole chake juu ya kidole cha mumewe, wakabonyeza pamoja, na mstari ukageuka kijani.

Mtumiaji namba tisa, mfumo ukaandika, amesoma. Ilikuwa saa tatu na dakika nne asubuhi. Bibi akaomba mtu aiandike saa hiyo kwenye daftari.